Maswali ya wasomaji: Wanyama wanalalaje, na tuwafundisheje watoto?

Mwezi huu tunajibu barua za walimu wa matenele (shule za chekechea) na wazazi wa Bukavu, pamoja na moja kutoka Lubumbashi, kuhusu usingizi wa wanyama. Ni somo zuri mno kwa mtoto mdogo: halihitaji vifaa, na nusu ya majibu yako uani kwao.

Ninafundisha watoto 48 wa miaka minne na mitano. Sina picha, nina ubao na chaki tu. Niliwaeleza habari za twiga na pomboo, wakasikiliza vizuri, lakini kesho yake hakuna aliyekumbuka kitu. Nianzie wapi? (Mwalimu, Kadutu)

Mwalimu, anza na kuku. Pomboo mtoto hajawahi kumwona, hivyo hana pa kuliweka hilo ulilomweleza. Kuku anaingia na kutoka jikoni kwao kila siku, na usingizi wake una mambo ambayo hata watu wazima wengi hawajayaangalia.

Siku ya kwanza usifundishe chochote. Toa kazi ya nyumbani: saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijakolea, kila mtoto amtazame kuku wa kwao au wa jirani, akiwa na mtu mzima. Atazame mambo matatu: kuku amekwenda kulala wapi, kichwa amekiweka wapi, na jicho lake linafungwaje. Matatu yanatosha, ukiongeza la nne watarudi na moja. Waambie wasimame hatua tatu mbali naye, na wasitumie tochi. Kuku haoni vizuri gizani. Akimulikwa ghafla anaruka ovyo, anaweza kuumia, na mtoto atakuwa ameona kuku aliyeshtuka, si kuku aliyelala.

Asubuhi kaeni duara kwa dakika 15 hadi 20. Watakuambia kuku amepanda juu: kwenye kijiti, ngazi, au ukingo wa ukuta. Waulize kwa nini hakulala chini, na uwape muda wa kufikiri kabla hujajibu. Mababu wa kuku walikuwa ndege wa msituni huko Asia, wakilala mitini ili wanyama wawindao chini wasiwafikie. Kuku wetu bado wana tabia hiyo hata wakiwa ndani ya banda lililofungwa. Kichwa huwa amekizamisha mabegani, au amekigeuza nyuma na kukificha kwenye manyoya.

Jicho ndilo watakalolipenda zaidi. Kope ya kuku inayofunga jicho ni ile ya chini: inapanda juu. Wakae wawili wawili, mmoja afumbe macho polepole na mwenzake atazame. Wataona kwamba kwetu kope ya juu ndiyo inayoshuka. Jambo hilo watalipeleka nyumbani wenyewe bila kuagizwa.

Siku zinazofuata chukua mnyama mmoja kwa siku: mbuzi, paka, dende (simbilisi). Kwa kila mmoja uliza maswali matatu, uyachore ubaoni: mahali, mkao, sababu. Usiiruke sababu, maana ndiyo inayomfanya mtoto akumbuke hayo mengine mawili. Mbuzi hukunja miguu na kulala kifudifudi huku kichwa kikiwa juu, akicheua na kusinzia. Tumbo lake hutengeneza gesi nyingi, na gesi hiyo hutoka kwa kubeua. Akilala ubavu kwa muda mrefu gesi inaziba na tumbo linavimba. Usingizi mzito anaupata kwa vipande vifupi, kichwa kikiwa kimegeuzwa na kuegemea ubavuni. Dende naye hupata usingizi kidogo kidogo, mchana na usiku, mara nyingi macho yakiwa wazi, kwa sababu ni chakula cha wengi na lazima awe tayari kukimbia. Paka ni mwindaji. Anaweza kujinyoosha mchana kutwa bila wasiwasi. Masharubu na makucha yake yakichezacheza akiwa usingizini, yumo katika ule usingizi ambao sisi huotea ndoto.

Twiga na pomboo wangoje wiki ya pili. Wakati huo mtoto atakuwa na maswali ya kuwauliza.

Mtoto wetu ameandika kwenye daftari kwamba ng'ombe hulala akiwa amesimama. Baba yake anasema ni kweli. Je, ni hivyo? (Mama, Bagira)

Hapana, mama. Ng'ombe anaweza kusinzia kidogo akiwa amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akiwa amelala chini. Anayesemwa hapo ni farasi: magoti yake yanajifunga kwa mpangilio wa kano na mifupa, hivyo anasinzia wima bila misuli kuchoka. Naye pia hulazimika kulala chini kwa muda mfupi ili apate usingizi wa ndoto, kwa sababu katika usingizi huo misuli inalegea.

Kosa hili linatokana na kuchanganya kupumzika na kulala. Mfundishe mtoto alama za mnyama aliyelala: ametulia, yuko katika mkao wake wa kulalia, sauti ndogo inachelewa kumshtua, lakini ukimsumbua zaidi anaamka. Alama hii ya mwisho ndiyo inayomtenga na mnyama aliyezimia au aliyekufa. Usimwache mtoto aijaribu kwa mbwa. Mbwa aliyeshtuliwa usingizini anauma kwanza, ndipo anamtambua aliye mbele yake.

Binti yangu wa miaka sita anasema samaki hawalali kwa sababu macho yao hayafungi. Nimjibu nini? (Papa, Nguba)

Mjibu kwa swali: kope zina kazi gani? Mwambie ajizuie kupepesa macho mpaka yaanze kumwasha. Ataelewa mara moja kwamba kope hulowesha jicho na kulikinga na vumbi. Samaki yuko majini, jicho lake limelowa muda wote, hivyo samaki wengi hawana kope kabisa. Wanalala macho wazi. Tilapia akilala hutulia karibu na chini, mapezi yanasogea kidogo tu, na vifuniko vya mashavu yake hufunguka na kufunga polepole kuliko alipokuwa akitafuta chakula.

Nyoka pia hana kope zinazofunga. Juu ya jicho lake kuna gamba moja linalopitisha mwanga kama kioo, nalo hutoka pamoja na ngozi anapojivua. Hapa msisitizie binti yako: nyoka anayekutazama bila kusogea huenda amelala, huenda yuko macho, na hakuna njia ya kulijua hilo kwa kumtazama. Yeye arudi nyuma na kumwita mtu mzima.

Kwa kuwa mnaishi Nguba, karibu na ziwa, mwonyeshe taa za wavuvi usiku. Sambaza, wale samaki wadogo, hushuka kwenye maji ya kina mchana na kupanda karibu na uso wa Ziwa Kivu usiku, ndiyo maana wavuvi huwavuta kwa taa. Kwa hiyo saa ambayo yeye anavuta blanketi, sambaza wako kazini.

Tunataka watoto watengeneze kiota cha gorila darasani. Tulijaribu, yakawa matope ya majani na ugomvi. Ifanyweje? (Walimu wawili, Panzi)

Endeleeni, walimu, maana hakuna zoezi linalofaa zaidi kwa mtoto wa Bukavu. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iko jirani, imekuwepo tangu 1970, na gorila wa humo wanafanya kila jioni hayo mnayotaka kuyaigiza.

Tatizo la kwanza ni majani mabichi. Yanateleza, yanatoa maji, na rundo halishiki. Tumieni majani makavu ya migomba, na kila jani likung'utwe nje kwanza, kwa kuwa buibui, siafu na hata nyoka wadogo hujificha humo. Tatizo la pili ni kuwaachia watoto wote wajenge kwa wakati mmoja. Iteni kundi la watoto watano tu, wengine watazame: mmoja ni dume kubwa lenye mgongo wa rangi ya fedha, wawili ni mama, wawili ni watoto wanaonyonya. Vitajengwa viota vitatu, si vitano, kwa sababu gorila mkubwa hujijengea chake, na mtoto hulala na mama yake, kwa kawaida mpaka mdogo wake anapozaliwa, akiwa na miaka mitatu au minne. Majani 10 kwa kiota yanatosha, hivyo majani 30 kwa darasa zima. Kundi linalofuata linayatumia yaleyale.

Mtoto asisimame na kurundika majani mbele yake. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Gorila huketi katikati, huvuta matawi na mashina kutoka kila upande kuja kwake, huyakunja, kisha huyakandamiza chini ya mwili kwa mikono na miguu. Ukingo unajitengeneza wenyewe kumzunguka. Porini kazi hiyo humchukua dakika chache tu, nasi tuwape watoto dakika tano. Upana uwe kama urefu wa mtoto mwenyewe, ili akijikunja ubavu kila upande uguse majani.

Ugomvi mara nyingi huanza pale mtoto anapovunjiwa kiota alichokipenda. Waambieni mapema kwamba gorila hajali: asubuhi anaondoka, na jioni anajenga kingine mahali pengine. Viota vilivyoachwa vina faida kwa watafiti. Huvihesabu asubuhi, na kwa kuwa gorila huacha kinyesi humo, ukubwa wa kinyesi huonyesha kama aliyelala ni dume kubwa, mama au mtoto. Watoto watacheka sana. Waacheni wacheke, kisha wekeni mawe ya ukubwa tofauti katika viota na waambieni watafute nani alilala wapi. Hiyo tayari ni hesabu.

Mkiwa na muda, ongezeni sokwe. Yeye hujenga juu ya mti. Gorila wazito hulala chini mara nyingi, hasa madume.

Tuliwapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama saa sita mchana, tukakuta wengi wamelala. Watoto walinung'unika. Je, tumepoteza siku? (Mwalimu, Lubumbashi)

La. Mlikuwa na somo mbele yenu. Walaji nyama hupumzika saa za joto. Simba anaweza kulala na kupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa kuwa mlo mmoja wa nyama humtosha muda mrefu. Mla majani hana nafasi hiyo, kwani majani yana lishe kidogo na lazima ale karibu muda wote. Watafiti waliowafuatilia tembo majike wawili huko Botswana walieleza mwaka 2017 kwamba walilala wastani wa saa mbili tu kwa siku, na kulala chini kabisa si kila siku. Safari ijayo fikeni mlango unapofunguliwa kama mnataka wanyama wanaotembea. Lakini mmoja wenu abaki na kikundi mbele ya aliyelala, wahesabu pumzi zake kwa dakika moja.

Tangu mwanangu wa miaka mitano aliposikia shuleni kwamba bata hulala jicho moja wazi akilinda, anataka kufanya hivyo. Sauti za usiku humtisha, naye anajitahidi asilale. Mwalimu amekosea? (Mama, Cimpunda)

Mama, mwalimu alisema kweli, ila aliishia nusu. Bata anaweza kulaza upande mmoja wa ubongo na kuacha mwingine macho. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipanga bata wanne wanne kwenye mstari. Wale wa pembeni ndio walioacha wazi jicho linalotazama nje. Wa katikati walifumba macho yote mawili mara nyingi zaidi, kwa sababu walikuwa na wenzao pande zote.

Mpe mwanao nusu hiyo iliyobaki. Mwambie ubongo wa mtu haugawanyiki hivyo: akijilazimisha kukesha, wote unachoka. Mtoto wa miaka mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi. Kisha, kila jioni, mtaje pamoja nani analala upande wa mlango na nani upande wa dirisha, na umwonyeshe kwamba yeye ni bata wa katikati. Kama inawezekana, mlaze kweli katikati. Usimwambie kwamba hakuna cha kuogopa ikiwa amesikia sauti kwa masikio yake. Mwambie kwamba kulinda ni kazi ya wakubwa. Asipopata usingizi kwa wiki kadhaa, au akikojoa kitandani ilhali alikwisha acha, mpeleke kituo cha afya.

Watoto wanataka kumshusha popo aliyening'inia mchana ili tumwone vizuri. (Mwalimu, Muhungu)

Msimguse, mwalimu, hai wala mfu, wala msicheze chini ya mti wanapolala kwa wingi. Popo wanaweza kubeba magonjwa hatari, kichaa cha mnyama kikiwemo. Mwangalieni kwa mbali na muwaeleze kwa nini haanguki: uzito wa mwili wake huvuta kano za vidole na kuzifunga, hivyo kushikilia hakumchoshi. Anayehitaji kutumia nguvu ni yule anayetaka kuachia.

Nitajuaje kama wameelewa, kwa kuwa bado hawaandiki? (Mwalimu, Kadutu)

Waletee mnyama ambaye hamkumjadili. Kinyonga anafaa. Waulize maswali matatu yaleyale, na kila mmoja aonyeshe kwa mwili wake. Usitafute jibu sahihi, sikiliza sababu. Anayesema kinyonga hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba ili nyoka akija kijiti kitikisike amefikiri vizuri, na ndiko kinyonga wengi wanakolala, mkia umeviringika na rangi imefifia. Anayesema hulala chini ya jiwe kwa kuwa ni mwoga naye ametoa sababu. Muulize atashikaje jiwe kwa vidole vile, halafu umpe muda.