Umeichoka CNC ya mezani? Nunua uzito kwanza, meza baadaye

Wiki hii kijana mmoja wa Mbeya kanitumia ujumbe: "Mkuu, hii 3018 imeshanichosha. Nimejichanga, nataka kuvuta kubwa. Nichukue 6040 au nijibane zaidi nipate ya mita kwa mita?" Swali hili la CNC, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, naulizwa sana, basi leo nalimwaga lote hapa.

Nami nilianza na hiyohiyo 3018. Eneo la kazi sentimita 30 kwa 18, fremu ya aluminiamu, kimota kidogo cha 775, unaibeba kwa mkono mmoja. Sitaidharau, imelipa ada za watoto. Nilikuwa nachonga mihuri ya sabuni: akina mama wanaopika sabuni nyumbani wanataka jina lao likae juu ya kipande. Kwenye plastiki ngumu kazi ilitoka safi. Kwenye aluminiamu nilikuwa nakula sehemu ya kumi ya milimita kila pasi, nimeinama na brashi na chupa ya spiriti, maana chenga zikigandia kwenye biti tu, biti imekwenda.

Kisha akaja mzee mmoja mwenye kiwanda chake, ana sampuli ya dai ya chuma, yaani kalibu ya kugandamizia vifuniko. Akaitazama mashine, akacheka, akaniuliza mbele ya vibarua wake, "Fundi, hii si ya watoto kuchezea?" Akaondoka na sampuli yake. Hakukosea kuhusu mashine, ila namna alivyosema bado inaniuma, na sioni sababu ya kujifanya imepita.

Sasa mdogo wangu wa Mbeya, sikiliza. Kile ambacho 3018 ilishindwa, 6040 (hiyo ya sentimita 60 kwa 40) ingeshindwa vilevile. Biti ya chuma cha kasi (HSS) yenye kipenyo cha milimita 10 ikikata chuma laini inataka mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika. Piga hesabu, unapata mizunguko kama 950 kwa dakika. Biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, utaipeleka hadi 3,000 na kitu. Spindo (mota inayozungusha biti) za hizi mashine za fremu zinatangazwa kilowati 2.2, lakini kilowati hizo unazipata kwenye mizunguko 24,000. Ukiishusha hadi 1,000 unabaki na wati zisizofika mia. Hapo chuma hakikatwi, kinasuguliwa. Kwa mbao, plastiki na vibao vya majina, 6040 ichukue hata leo, utanishukuru. Ila usiniambie unataka kutengeneza dai.

Halafu kuna kutetemeka. Ukiichomoza biti mara mbili ya ilivyokuwa, kupinda kunaongezeka mara nane. Daraja refu la aluminiamu linalobeba spindo lina tabia hiyohiyo, kwa hiyo kila ukiongeza meza bila kuongeza chuma unanunua kelele. Ukiletewa tangazo, ruka picha, ruka ukubwa wa meza, tafuta kilo. Muuzaji asipoandika kilo, muulize. Akizungukazunguka, achana naye.

Niliuza 3018, nikauza na pikipiki (nilisemwa sana kwa hiyo pikipiki, hasa na shemeji zangu), nikaagiza mashine ya milingi (ya kuchonga chuma) iliyotumika, chuma cha kutupwa mwili mzima, spindo inayoshika biti kwa vishikio vya BT30, uzito karibu nusu tani. Meza yake ni fupi kuliko ya 6040. Habari za bandarini na ushuru sitawachosha nazo.

Siku ya kuishusha ndiyo ya kusimulia. Mlango wa karakana nilishaubomoa na kuupanua kabla, sakafu nilishamwaga zege upya lenye nondo. Canter yenye winchi ikaishusha getini, kuanzia hapo ni mabomba. Mabomba manne ya inchi mbili chini ya kreti, vijana wawili wanasukuma kwa mtaimbo, mmoja anachomoa bomba la nyuma na kukimbia kulipanga mbele. Hakuna anayeruhusiwa kuweka mguu upande wa mteremko, hata kwa utani. Mama watoto alisimama dirishani mkono kinywani hadi ilipovuka kizingiti.

Umeme wangu ni wa njia moja, na watu wengi wanakata tamaa hapo. Usikate. Kidhibiti cha spindo kinapokea njia moja ya 230V na kutoa njia tatu, kwa ukubwa huu kinatosha. Ila usichomeke kwenye soketi ya ukutani. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye DB (boksi la kugawia umeme), na breka yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, au LUKU ikiisha (chungulia salio kabla hujabonyeza kuanza, jamani), biti inabaki imezama kwenye chuma. Inyanyue kwa mkono, polepole. Ukiwa na swichi za mwisho wa safari kwenye kila mhimili, umeme ukirudi unairudisha mashine nyumbani, na sifuri yako ya G54, yaani pale ulipoiambia mashine kazi inaanzia, iko palepale. GRBL, programu inayoongoza mashine, inaihifadhi hata umeme ukizimwa. Asiye na swichi anaanza kupapasa upya.

Na pesa usimalizie yote kwenye mashine. Vaisi nzito, kolleti za kweli za kushikia biti, biti chache za kabaidi, geji ya mshale ya kunyooshea spindo. Vijana mnapenda kupiga picha na mashine mpya, kisha mnabana kazi kwa vaisi ya kuchezea na kulalamika kwamba mashine haina shabaha. Kwanza kazi, mteja, oda mkononi. Mashine haiji na wateja ndani ya kreti.

Yule mzee? Mwezi uliopita alimtuma fundi wake na sampuli ileile. Nilimpigia bei ya mashine kubwa, akalipa, nikamwandikia risiti.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujatuma hata shilingi, nitumie vitu vitatu: upana wa mlango wako, unene wa zege lako, na orodha ya kazi ulizozikataa mwaka huu kwa sababu ya 3018. Kama zote zilikuwa za mbao, chukua 6040, na hiyo hela nyingine nunua mbao.