Maswali na Majibu: Mawimbi ya Redio na Choo Kisichozuilika

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba kuna matibabu ya kushindwa kuzuia haja kubwa yanayotumia nishati ya mawimbi ya redio, maswali hayajakoma, na mengi yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Nimeyaunganisha yaliyofanana na kuyajibu hapa.

Daktari, hayo matibabu ya mawimbi ni shilingi ngapi, na je, yanaponya kabisa? (Sakina, Arusha)

Umeuliza bei kabla ya kunieleza unachovuja ni nini, tangu lini, na kama kuna aliyewahi kukupima. Hayaponyi kabisa. Bei isubiri.

Shikamoo daktari. Nasikia wanachoma msuli wa ndani kwa moto. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi)

Marahaba, mama. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ingawa hakuna moto. Kifaa chenye sindano nne ndogo huingizwa katika njia ya haja kubwa, sindano hizo huchomoza na kuingia kwenye msuli unaobana choo, kisha umeme wa masafa ya juu hupitishwa mpaka tishu zifikie joto la takriban nyuzi 85 za selsiasi kwa dakika moja na nusu hivi, huku maji baridi yakiupoza utando wa juu ili usiungue. Kazi hiyo hurudiwa pande zote nne na katika ngazi kadhaa, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi na kupewa dawa ya kumtuliza, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachokusudiwa ni kwamba nyuzi zinazoshikilia tishu zisinyae, na kidonda kinapopona eneo lote likaze. Wapo wanaopata maumivu, wanaotokwa na damu na wanaobaki na kidonda kwa muda.

Sasa tuje kwenye matokeo, ambayo wauzaji wa matumaini huyataja haraka mno. Marekani iliruhusu matibabu haya mwaka 2002, kwa jina la Secca, baada ya majaribio ya awali yaliyofanywa Mexico kwa wagonjwa 10. Katika jaribio la Marekani lililofuata, la wagonjwa 50, wastani wa alama za tatizo ulishuka kutoka 14.5 hadi 11.1 baada ya miezi sita, katika kipimo ambacho 0 ni mzima na 20 ni asiyezuia chochote. Mwenye alama 11 bado huhesabu vyoo vilivyopo njiani kabla ya kutoka nyumbani. Mwaka 2017 Waholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 40, ambapo baadhi walipitishiwa nishati na wengine waliwekewa kifaa bila nishati, pasipo mgonjwa kujua yuko kundi lipi. Waliopata nishati walikuwa na nafuu kubwa kidogo kuliko wenzao, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe waliona haina uzito katika maisha ya mgonjwa. Kwa hiyo simkatazi mtu, ila siwezi kumshauri yeyote auze ng'ombe kwa ajili hiyo.

Je, mawimbi hayo ni mionzi kama ile ya kutibu saratani? (Njiro)

Hapana. Mionzi ya saratani huharibu chembe za urithi ndani ya seli, lakini mawimbi haya hupasha joto tu. Linalosahaulika ni kwamba mionzi ya kutibu saratani ya shingo ya kizazi au ya tezi dume yaweza yenyewe kuwa chanzo cha kuvuja miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwambie daktari wako kama uliwahi kuipata. Mwambie pia kama una mimba au umewekewa betri ya moyo.

Miaka sita iliyopita nilijifungua mtoto wa kilo 4.2, nikachanika na kushonwa. Tangu hapo upepo hunitoka bila hiari, na nikiharisha sifiki chooni. Kliniki waliniambia ni kawaida ya wazazi. Nitafute hiyo mashine? (Himo)

Dada, si kawaida, na aliyekwambia hivyo alikukosea.

Niruhusu nieleze kisa kimoja. Mama mmoja aliingia chumbani kwangu akiwa na karatasi iliyochapishwa habari za mashine hii, akakataa kiti, na nilipomsisitiza alitandika kwanza kanga aliyoitoa kwenye mfuko wa plastiki ndipo akakaa pembeni kabisa. Alikuwa amepaka dawa za bawasiri miaka 11, kutoka maduka manne tofauti. Nilivaa glavu, nikampima kwa kidole na kumwambia abane. Nyuma na pembeni msuli ulikaza, lakini mbele, upande wa uke, hapakuwa na kitu cha kubana. Kipimo hicho kilichukua dakika mbili, na hakuna aliyekuwa amekifanya katika miaka yote 11.

Msuli uliokatika wakati wa kujifungua huachana ncha, na hakuna joto linaloweza kuzirudisha pamoja. Kazi hiyo ni ya uzi na mpasuaji. Unachohitaji ni kupimwa kwa kidole, na ikiwezekana altrasaundi ya kuingiza ndani, ili ijulikane kama msuli umekatika au umelegea tu. Ikiwa kinyesi au upepo hupitia ukeni, hiyo yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na njia ya haja kubwa, na hapo usipoteze hata wiki moja: omba rufaa kwenda hospitali yenye wapasuaji wa fistula, kama KCMC ya Moshi.

Wakati unasubiri, anza mazoezi. Bana kana kwamba unazuia upepo mbele ya wakwe zako, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuruka. Wanaoniandikia kwamba mazoezi hayakuwasaidia, nikiwauliza, wengi waliyafanya siku nne.

Kahawa na mbege vinahusika? (Mzee, Marangu)

Shikamoo mzee wangu. Vinahusika. Kahawa huuamsha utumbo mpana, na pombe huweza kulainisha choo, nacho choo laini ni kigumu kuzuia kuliko kilichoshikana. Jaribu kuviacha wiki mbili huku ukiandika siku unazovuja, ndipo uamue. Mbege sikukatazi moja kwa moja, ila usiinywe kabla ya kupanda Noah kwenda mjini.

Babu yangu ana miaka 81 na hatoki kitandani. Choo cha majimaji kinamtoka kidogokidogo kutwa nzima. Nimemnunulia loperamaidi dukani lakini tumbo linazidi kujaa. Niongeze dozi? (Usa River)

Usiongeze, acha kabisa. Maelezo yako yanafanana sana na mzee aliyefunga choo: kinyesi kigumu kimeziba chini, na majimaji yanapita pembeni yake, kwa hiyo unampa dawa ya kufunga mtu ambaye tayari amefungwa. Loperamaidi ni dawa nzuri kwa anayestahili, lakini dozi kubwa huvuruga hata mapigo ya moyo. Mpelekeni leo katika kituo cha afya apimwe kwa kidole, na kama anatapika au tumbo limekuwa gumu na linamuuma, nendeni hospitali moja kwa moja. Mchukue na kopo la dawa ulizompa, waone ni ngapi zimebaki.