Kwa wadogo zetu mnaoingia utafiti wa saratani: rekodi ya machapisho haijijengi yenyewe

Msimu wa maombi ya ruzuku umerudi, wasifu zinamiminika, na yaleyale tuliyoyaona mwaka juzi tunayaona tena. Mmoja kaandika "h-indeksi 9" bila kusema kaitoa wapi. Mwingine ana machapisho 17, na ukiyapekua 11 ni muhtasari wa mikutano. Wa tatu ana kazi nzuri kweli ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini ukimtafuta Scopus, kanzidata ya makala na nukuu zake, anatokea kama watu watatu, na wote watatu wanaonekana wavivu. Tunawapenda, lakini mnatuchosha. Haya tena, kwa mara ya mwisho (kama mwaka jana).

1. H-indeksi ihesabu kwa mkono angalau mara moja.

Alipoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, na yeye ni mwanafizikia wala si mtu wa saratani, kanuni ilikuwa fupi: una h ikiwa makala h kati ya zako zimenukuliwa mara h au zaidi kila moja. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 40, 22, 9, 6, 5, 2. Ya tano ina 5, ya sita ina 2, basi h yako ni 5. Sasa tuseme jina lako limegawanyika katika kurasa mbili, moja ina 40, 9 na 2, nyingine ina 22, 6 na 5. Ya kwanza inatoa h ya 2, ya pili inatoa 3. Kazi ni zilezile sita, aliyepungua ni wewe.

Google Scholar huhesabu tasnifu, ripoti na machapisho ya awali ambayo hayajahakikiwa, kwa hiyo namba yake karibu daima iko juu ya Scopus na Web of Science. Hakuna ubaya kuitumia, mradi useme: "h = 5, Scopus", na tarehe uliyoangalia. Anayesoma maombi hufungua Scopus mwenyewe, na akikuta 5 palipoandikwa 9 hatafikiria tofauti ya kanzidata. Atakufikiria wewe.

Tena, h haijali kilele. Ile makala yenye nukuu 40 ikipanda hadi 4,000, h yako inabaki 5. Hilo linatupeleka Kampala.

2. Kichwa cha makala ndicho mlango, usiufunge mwenyewe.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, alichapisha katika British Journal of Surgery makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Kwenye kichwa uvimbe uliitwa sarkoma, yaani saratani ya mifupa au tishu laini. Mwanzoni haikushtua wengi. Wanapatholojia waliokuwa Kampala ndio walioonyesha baadaye kwamba ile ni limfoma, saratani ya seli za limfu, na makala za miaka ya 1960 na 1961 zikaiita hivyo. Leo ukitafuta neno limfoma kwenye vichwa vya makala, ile ya 1958 haitokei, ingawa ugonjwa wenyewe umebeba jina la mwandishi wake. Na kuna jambo la pili: ugonjwa ukishapewa jina lako, watu huacha kukunukuu. Wanaandika "limfoma ya Burkitt" na kupita, kama mtu anavyotaja mita bila kumtaja aliyeipima. Ushawishi umezidi hadi hauhesabiki tena kwa nukuu.

Wewe bado hujafika huko, kwa hiyo weka kwenye kichwa aina ya saratani, kundi la wagonjwa, nchi na aina ya utafiti, kisha chagua maneno muhimu kwa kuangalia MeSH, orodha rasmi ya istilahi za tiba, siyo kwa kubuni.

3. Jina moja, maisha yote.

Mtu wa kwetu ana jina lake, la baba na la babu. Jarida la Ulaya linachukua la mwisho na kuliita la ukoo. Mwaka huu unachapisha kama Fulani F., mwakani kama Fulani A. F., ukiolewa unaongeza kistari, na mhariri fulani anageuza yote kichwa chini. Mashine haikujui. Chagua umbo moja kabla ya makala ya kwanza. Fungua ORCID, ile namba ya kudumu ya mtafiti yenye tarakimu 16, na usajili kwa barua pepe mbili, ya kazini na yako binafsi, maana ya kazini hufa siku mkataba unapoisha. Kama wewe si mwandishi wa mawasiliano (anayeandikiana na jarida), mfumo wa jarida hukutumia barua yenye kiungo cha kuthibitisha ORCID yako. Ile barua mnayodhani ni takataka ndiyo hiyo. Ukishagawanyika Scopus, iko fomu ya mwandishi kuomba kurasa ziunganishwe. Ijaze mapema, usingoje wiki ya mwisho ya maombi.

Taasisi nayo ina jina moja. Chuo cha Muhimbili kilikuwa MUCHS, tangu 2007 ni MUHAS, na bado kuna wanaoandika jina la hospitali, au la idara peke yake, au "Dar es Salaam" tupu. Makala inapotea kwako na kwa chuo pia.

4. Nafasi yako kwenye orodha ya waandishi huamuliwa kabla sampuli hazijapanda ndege.

Hapa tukae, kwa sababu kosa hili tumelifanya sisi tuliowatangulia, karibu wote, na bado linauma.

Linaanza kwa heshima. Mgeni anakuja na mradi mkubwa wa jenomu, ana fedha, ana mashine. Wewe una bloku za parafini zenye vipande vya uvimbe, una wagonjwa, una faili, na una kibali cha maadili ulichokihangaikia. Unauliza kuhusu uandishi, unajibiwa kwamba hilo litazungumzwa matokeo yakipatikana. Unaona aibu kusisitiza, utaonekana mroho. Mkataba wa kuhamisha sampuli unasainiwa: una kurasa za usalama wa kibayolojia, za umiliki, za kuharibu masalia, wala hauna sentensi moja kuhusu nani ataandika nini. Miezi inapita. Siku moja rasimu inaingia ikiwa na majina sitini, wewe wa thelathini na kitu, na unapewa siku tano kutoa maoni. Uko wodini. Unajibu kwa mistari miwili, hongereni sana, sina la kuongeza.

Tazama ulichokifanya hapo. Masharti ya uandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne, na yote lazima yatimie: mchango wa maana katika ubunifu, data au uchambuzi, kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa kusema huna la kuongeza, sharti la pili umelitupa mwenyewe. Siku ukidai nafasi ya juu, barua yako ndiyo ushahidi dhidi yako.

Kuna baya zaidi, na wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Makala inaweza kuchapishwa kwa majina machache "kwa niaba ya kundi la utafiti", na majina mengine yakawekwa kwenye kiambatisho. PubMed, kanzidata ya makala za tiba, huwaweka watu hao chini ya washiriki, siyo waandishi, na kwenye hesabu zako za nukuu huenda makala isionekane kabisa. Miaka mitatu ya kukusanya sampuli, na rekodi inasoma sifuri.

Na hata ukiwa mwandishi wa thelathini halali, h yako itapanda vizuri tu. Lakini kamati hutafuta jina la kwanza, ambalo kwetu ni la aliyefanya kazi, na la mwisho, ambalo ni la aliyeiongoza. Mtu mwenye h ya 12 asiye na hata makala moja ya nafasi hizo huulizwa swali moja kwenye usaili, na jibu lake huwa refu mno. Nyota ya "wamechangia sawa" nayo isikulevye, kanzidata nyingi hazioni nyota. Zinaona nani katajwa kwanza.

Dawa yake ni ukurasa mmoja, unaoambatishwa kwenye mkataba wa sampuli kabla ya saini. Uonyeshe makala zinazotarajiwa, angalau mbili. Nani wa kwanza na wa mwisho kwa kila moja. Makala ipi itaandikwa na timu ya hapa kutokana na data ya hapa. Rasimu itakaa kwa waandishi wiki ngapi (omba tatu). Na nini kitatokea mtu akishindwa kuandika kwa wakati. Tumieni majukumu 14 ya CRediT, mfumo wa kutaja nani alifanya nini kwenye makala, kugawana kazi, ili "alileta sampuli" igeuke kuwa ubunifu wa mbinu, ukusanyaji wa data na usimamizi, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Msimamizi wako akikwambia ukurasa huo unaleta ubaya, mwombe autie saini hivyohivyo.

Mwaka 1964 jarida la Lancet lilichapisha habari ya chembe za kirusi zilizoonekana kwenye seli za uvimbe wa Burkitt, zilizotoka Uganda. Waandishi walikuwa Epstein, Achong na Barr, kwa mpangilio huo. Bert Achong, mtaalamu wa darubini ya elektroni, alikuwa wa pili. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr.

5. Impakti fakta ni ya jarida, siyo yako.

Ya mwaka 2024 ni nukuu za 2024 kwa yaliyotoka 2022 na 2023, ukigawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Jarida la saratani la CA, la Marekani, lilipita 500 kwa mwaka 2020. Siri yake ni makala chache sana kwa mwaka, na kati yake ni zile za takwimu za saratani duniani za GLOBOCAN ambazo kila mmoja wenu huzinukuu kwenye sentensi ya kwanza ya utangulizi. Kwa hilo, nukuuni toleo sahihi: GLOBOCAN 2020 ilitoka 2021, na GLOBOCAN 2022 ilitoka 2024. Na semeni kwamba ni makadirio, kwa sababu nchi nyingi za kwetu hazina sajili ya saratani inayofikia watu wote.

6. Majarida ya kuwinda fedha.

"Tunaonekana PubMed", wanavyojitangaza, haitoshi. Makala huweza kuingia PubMed kupitia PMC, hifadhi ya makala za bure, bila jarida kukubaliwa MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa. Tafuta jarida lenyewe kwenye katalogi ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, usome mstari unaosema limeingizwa wapi. Majarida ya kweli huwa na msamaha wa ada kwa nchi zetu, ila mara nyingi hutazama nchi ya mwandishi wa mawasiliano na huombwa wakati wa kutuma, siyo baada ya kukubaliwa. Sababu nyingine ya ule ukurasa mmoja.

7. Mafupi.

Muhtasari wa mikutano uwe na orodha yake. Kabla ya kunukuu, angalia kama makala imefutwa. Cheti cha NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, kinakutaka upate ruhusa ya kuchapisha, kwa hiyo ihesabu kwenye ratiba. Kujinukuu si dhambi, kujinukuu mara kumi kwenye makala moja ni kelele. Ushawishi usioonekana kwenye nukuu, kama mwongozo wa matibabu uliobadilika au dawa iliyoongezwa kwenye orodha ya hospitali, uandike kwa sentensi mbili na utaje hati yenyewe.

8. Prufu.

Ni nakala ya mwisho ya kukagua kabla makala haijachapishwa. Huja Ijumaa jioni na hutakiwa ndani ya saa 48. Anza na mstari wa majina, kisha taasisi, kisha ORCID, kisha namba za ruzuku, ndipo uende kwenye majedwali. Baada ya hapo kosa la herufi moja kwenye jina lako ni notisi ya marekebisho, na huenda ukatakiwa upate ridhaa ya waandishi wote sitini.