Kabla hujaanza kupima radoni kwa pesa

Wengi wanaonipigia kuuliza habari za kazi hii ya kupima radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana inayopanda kutoka ardhini na kuingia nyumbani, ni Wakenya wenzangu hapa Minnesota waliochoka na zamu za usiku kwenye nyumba za wazee. Wote huanza na mtihani: mgumu? Mtihani utaupita ukisoma. Kitakachokutoa jasho ni daftari, yaani kumbukumbu za kuthibitisha kwamba vipimo vyako ni sahihi.

Mlolongo wenyewe ni mfupi. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, liliwahi kuwakagua wapimaji lenyewe, likaachana na kazi hiyo mwaka 1998. Siku hizi vyeti hutolewa na NRPP au NRSB, taasisi mbili zisizo za serikali zinazothibitisha wapimaji. Unasoma kozi ya saa 16, unafanya mtihani, unapata cheti. Cha NRPP hudumu miaka 2, na ili kukihuisha lazima uwe umeendelea kusoma. Kisha unageukia jimbo lako. Hapa kwetu, tangu Januari 2019, humpimii mtu nyumba kwa malipo bila leseni ya Idara ya Afya. Shemeji yako wa Texas akikwambia kwake hakuna leseni ya radoni, ni kweli, kwake.

Sasa daftari. Ukitumia vikopo vya mkaa, ambao hunasa radoni ili maabara iipime, katika kila vipimo 10 kimoja unakiwekea pacha, vikopo viwili bega kwa bega, uone kama vitasema lugha moja. Katika kila 100, vitano unavifungua na kuvifunga papo hapo, unavipeleka maabara pamoja na vingine bila kuwaambia. Wakikuletea radoni kwenye kikopo ambacho hakikupima kitu, kuna tatizo kwao au kwenye stoo yako. Vitatu vingine vinawekwa kwenye chumba maalumu ambacho kiwango chake cha radoni kinajulikana. Yote haya unayalipia wewe, si mteja, kwa hiyo yaingize kwenye bei yako tangu siku ya kwanza. Mimi sikufanya hivyo, na mwaka mzima nilifanya kazi ya hasara nikidhani nina biashara.

Mashine inayorekodi saa kwa saa nayo hurudishwa kusawazishwa kila baada ya miezi 12. Yangu ilikuwa na kibandiko cha tarehe mgongoni, nami naitazama usoni tu. Nilipokuja kugeuza, siku 9 zilikuwa zimepita na nyumba tatu nimeshazitolea ripoti. Nilizirudia zote bure.

Mengine utayashika haraka: kifaa kikae angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na madirisha, kisiwe jikoni wala bafuni, kwa muda usiopungua saa 48. Kinachowashinda wengi ni kufunga nyumba. Madirisha yote yafungwe muda wa saa 12 nzima kabla ya kipimo na yabaki hivyo hadi mwisho. Mlango ni wa kupita tu. Wape maelekezo kwa maandishi, watie sahihi. Anayeuza nyumba anajua kwamba radoni ikifika pikokiuri (kizio cha mionzi) 4 kwa lita ya hewa, mnunuzi ataomba apunguziwe bei au uwekwe mfumo wa kutoa hewa, na Minnesota nyumba mbili katika kila tano zina kiwango cha juu.

Januari moja nilichukua mashine kwenye besimenti, ghorofa ya chini ya ardhi, ya muuzaji, nikafungua grafu ndani ya gari. Hadi saa nne usiku ilikuwa inacheza kwenye 5 na kitu. Kisha ghafla 0.8, na joto la chumba limeporomoka pamoja nayo hadi alfajiri. Nikarudi mlangoni kuuliza. Akasema mke wake alikuwa anakaanga samaki, wakafungua kidogo moshi utoke.

Besimenti ile haikuwa na jiko. Sikubishana naye. Niliandika kipimo ni batili, nikabandika karatasi za kuziba kwenye kila dirisha la chini, nikarudia. Kikatoka 6.1.