Usimwambie ajikaze

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kuhusu mwenzako wa meza ya jirani, yule dada aliyezika mtoto wa miezi saba, karudi kazini na sasa kila ikifika saa nne anakwenda kulia chooni. Unasema huna maneno. Afadhali. Walionichosha mimi ni waliokuwa nayo.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili, labda unakumbuka turubai tu na masufuria ya pilau. Siku ya tatu tukaanua matanga, mikeka ikakunjwa, kila mtu na shughuli zake. Nikarudi shuleni. Ofisini kila mwalimu ana lake: "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, una watoto." Nami nasimama ubaoni, chaki mkononi, nimesahau nilikuwa naandika nini.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mkali, wala hatukuwa tukipatana sana. Alikuja mezani kwangu akabeba rundo la madaftari ya hesabu ya darasa la tano, kimya. Jioni yakarudi yamesahihishwa yote, na palipokosewa ameandika "rudia" kama ninavyoandika mimi. Alifanya hivyo mpaka arobaini ikapita. Siku niliyomshukuru akanijibu, "Leo umekula?" Hapo ndipo nikalia sawasawa.

Basi na wewe tafuta madaftari yake. Usimuulize "nikusaidie nini", atasema hakuna. Mwambie, "Hii ripoti ya mwisho wa mwezi naimalizia mimi," uichukue. Na yule mtoto alikuwa na jina, ukilijua, litaje. Watu wanaliogopa, utadhani mama amesahau.

Chooni usimfuate, wewe mwanamume na ofisi ina midomo. Mwombe dada wa mapokezi. Na yake yasifike kwenye kundi lenu la WhatsApp, hata kwa jina la maombi, kama hajaridhia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefiwa na mtoto angalau siku 4 zenye malipo. Siku 4! Lakini ipo likizo ya mwaka, siku 28. Kama zimebaki, mwandikieni barua ya kuomba, yeye atie saini tu. Mtu mwenye msiba hana nguvu za kumbembeleza bosi.

Akitamka kwamba hataki kuishi, hiyo si siri ya kumtunzia. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpigie mumewe au ndugu yake, na hospitali iwe siku hiyohiyo.

Jumamosi nakutumia machungwa ya Muheza kwa basi. Mfungie naye kidogo, umwekee mezani kabla hajafika.

Mama yako