Jongoo bahari si mnyoo

Je, jongoo bahari ni mnyoo? Hapana, si mnyoo, na kwa jongoo wa nchi kavu wanafanana jina tu. Jongoo bahari ni ndugu wa kiti cha pweza: wote ni ekinodamu, yaani kundi moja kubwa la wanyama wa baharini, na ndani yake yeye yuko ngeli (kundi dogo) ya Holothuroidea. Mwili wake una pande tano kama nyota, ila kwa kuwa amelala ubavu huoni haraka.

Uthibitisho mzuri zaidi uko ndani ya ngozi. Hana gamba gumu. Mifupa yake imebaki vipande vidogo mno vya chokaa, visivyoonekana kwa macho. Nimewahi kukata kipande kidogo cha ngozi, nikakitia dawa ya kung'arishia nguo mpaka nyama ikayeyuka, nikaweka masalia chini ya hadubini. Kwa Holothuria scabra, spishi mojawapo ya jongoo bahari, utaona maumbo kama meza na vifungo vya shati. Inapendeza mno! Wataalamu hutenganisha spishi kwa maumbo hayo, maana rangi peke yake inadanganya: spishi moja inaweza kuwa na rangi kadhaa.

Anayewachanganya wengi ni Synapta maculata, yule mrefu laini kama nyoka anayeweza kufika mita 3. Huyo hana vile vijiguu vya kunyonyea walivyo navyo wengine, lakini naye ni jongoo bahari kamili. Ukimshika ananata mkononi kwa sababu vipande vyake vya chokaa vina umbo la nanga.