Saladi Zilizolala Baada ya Kuhamishwa: Tazama Mizizi Kabla ya Kugusa Mbolea

Mwezi Februari hapa Moshi si mwezi wa kuhamisha mche wowote saa nne asubuhi, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa na miche 40 ya saladi iliyokulia kwenye ndoo za lita 20, kwa ule mtindo wa haidroponiki, yaani kilimo cha majini bila udongo, wa maji yaliyotulia ambao hauhitaji pampu wala umeme, nami nikaihamishia yote katika sanduku refu la mbao lililotandikwa nailoni nzito, lenye bamba la povu gumu linaloelea juu ya maji. Ilipofika saa saba mchana, majani yote yalikuwa yamelala juu ya bamba. Jirani yangu anayeuza mboga sokoni alichungulia juu ya ua, akaniambia, "Baba Neema, mboga zako zina kiu." Nilimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa mizizi yake yote ilikuwa ndani ya maji.

Kosa langu la pili lilifuata jioni ileile. Nilidhani miche ina njaa, nikaongeza virutubisho mpaka EC, yaani kipimo cha wingi wa chumvi majini, ikapanda kutoka 1.1 hadi 2.2. Mche ambao mizizi yake imeumia haulishwi kwa namna hiyo, kwa sababu kadiri chumvi inavyozidi majini ndivyo mizizi inavyopata taabu kuyavuta maji hayo, na jani lililokwisha kulegea huzidi kulegea. Sijui ni kwa nini mkono wa mkulima hukimbilia mbolea kila anapoona jani limeinama, lakini wangu ulikimbilia.

Usiku nilichukua tochi, nikanyanyua mche mmoja na kuutazama kwa utulivu. Mizizi yake ilikuwa ya namna mbili. Ile ya juu, karibu na kikombe chenye matundu kinachoushika mche, ilikuwa mifupi, imesongamana na kujaa vinywele vyeupe kama pamba. Ile ya chini ilikuwa mirefu, laini, na yenye matawi machache. Hapo nikaelewa nilichokifanya. Kwenye ndoo, mche hunywa maji na kuyashusha taratibu, na katika nafasi inayobaki wazi kati ya mfuniko na maji huota mizizi ya kuvuta hewa. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye mtindo huu umepewa jina lake, alikwisha kuonya kwamba maji yakipandishwa ghafla mpaka yakaifunika mizizi hiyo, mmea unaweza kuzama na kudhoofika. Sanduku langu halikuwa na nafasi yoyote, kwani bamba lilikalia maji moja kwa moja, na mizizi iliyozoea hewa ilifunikwa yote kwa siku moja. Mzizi unaokosa oksijeni hushindwa kuvuta maji, hata ukiwa umezungukwa nayo. Jirani hakukosea: saladi zilikuwa na kiu kweli.

Joto nalo lilichangia. Maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Huku kwetu mlimani, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hupungua zaidi. Kipimajoto changu kilisoma 29 mchana ule.

Nilipunguza maji sandukuni na kuliinua bamba juu ya vipande vya mbao ili ibaki nafasi ya sentimita tano hivi, nikaweka pampu ndogo ya hewa ya kufugia samaki, nikachanganya maji safi mpaka EC ikashuka chini ya 1, kisha nikatandaza neti ya kivuli kwa siku nne. Miche 29 ilisimama tena. Kumi na mmoja ilikufa.

Miezi michache baadaye nilihamia kwenye mabomba ya PVC yenye mteremko, ambamo maji hupita chini kama utando mwembamba, na miche ikalala tena. Safari hii nilikaribia kupunguza maji kwa kukumbuka yaliyonipata, na ningeiua yote. Ilikuwa imelegea mchana, lakini saa kumi na mbili jioni ilisimama wima, na alfajiri ilikuwa na nguvu kabisa. Nilipochungulia kwenye tundu la bomba nikaona mizizi inaning'inia hewani, haijaufikia utando wa maji, na mingine ilikatika nilipoipitisha kwa nguvu kwenye tundu lililokuwa dogo. Hapa dawa ilikuwa kinyume cha ile ya kwanza: niliziba sehemu ya chini ya mdomo wa kutolea maji ili yasimame kiasi cha sentimita mbili ndani ya bomba, nikayaacha hivyo kwa wiki moja mpaka mizizi mipya ikashuka. Kizibo hicho kilinifaa pia umeme ulipokatika, kwa kuwa bomba lisilobakiza maji hukauka upesi sana pampu ikizima.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, mimi huutazama mche alfajiri. Mche unaolegea juani na kuinuka jioni una mizizi hai isiyotosha mahitaji ya majani, nao huhitaji kivuli, majani mawili matatu ya nje kupunguzwa, na subira. Mche uliolala hata alfajiri una tatizo la mizizi yenyewe, na huo hunyanyuliwa siku hiyohiyo. Ukikuta mizizi ya kahawia, yenye utelezi na harufu ya kuoza, ushike mmoja kwa kucha na kuuvuta polepole: ganda likitoka na kubaki uzi mwembamba katikati, huo ni uozo, mara nyingi wa vimelea vya Pythium wanaopenda maji yenye joto yasiyo na hewa. Mche wa namna hiyo siuokoi. Huutupa mbali na mingine, nikamwaga maji yote na kusugua chombo.

Wenzetu wa Arusha huniuliza kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kwa kuwa maji mengi ya visima vya upande wa Meru yana magadi na huipandisha pH juu ya 7. Ni vyema kuishusha iwe kati ya 5.5 na 6.5, lakini dalili yake ya kawaida ni majani machanga kugeuka manjano katikati ya mishipa, jambo linalochukua siku kadhaa. Mche uliolala ndani ya muda wa saa tatu tu baada ya kuhamishwa una sababu nyingine.

Siku hizi huhamisha kuanzia saa kumi na moja jioni, katika maji yenye EC sawa na ile ya chombo cha zamani. Miche miwili huiacha makusudi kwenye ndoo yake. Kesho yake mchana, nayo ikilegea, najua ni jua tu, na sigusi kitu.